Mgeni Asiyejua Kuaga

Tarehe 4 Machi

Wifi yangu mkubwa,

Salamu nyingi, na kabla hujasoma mstari wa pili, toka hapo jikoni unapowapikia mafundi. Nenda kakae mahali ambapo huyo ndugu yako hawezi kuchungulia begani kwako. Umeshatoka? Haya.

Ningepiga simu, lakini simu ya hapo kambini ni ile moja ya ofisini, na ukiongea nayo mafundi wote wa daraja wanajua umekula nini. Kwa hiyo barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, na majibu mpe yeye.

Wifi, naumwa, tena naumwa kwa kike. Nawashwa mpaka natamani kulia mbele za watu. Natokwa na uchafu mweupe mzito, kama maziwa yaliyoganda, na nikienda haja ndogo nawaka moto. Muuza dawa wa mtaani kaniambia ni fangasi, mambo ya kawaida kwa wanawake, akanipa dawa. Nikatumia, nikapata nafuu, nikaiweka kabatini na kumshukuru Mungu. Haukupita muda, karudi. Nikaifungua tena ile dawa, nikapata nafuu tena, karudi tena. Sasa kaingia kwa mara ya nne na naona kama kahamia kabisa. Ndiyo maana kuanzia leo mimi na wewe tutamwita mgeni, barua isije ikaangukia mikono isiyohusika.

Na usiseme ni uchafu! Unajua kazi yangu. Dobi ya hoteli ndiyo hiyo hiyo, mvuke tangu asubuhi, mashuka yanaingia kwenye mashine ya pasi upande huu na kutokea ule, na sisi wanawake tumevaa yale magauni ya nailoni yaliyogandana na mwili. Jina la Povu sikulipata bure. Doa likikataa, nalirudia kwa dawa kali zaidi, na mwili wangu naufanyia hivyo hivyo. Naosha asubuhi, naosha mchana chooni kazini, naosha jioni, nje na ndani, kwa sabuni ya kunukia na vitone vya ile dawa ya kuua vijidudu. Nani msafi kuliko mimi?

Sasa mume wangu, huyo ndugu yako, anakuja likizo mwezi ujao. Likizo iliyopita nilisingizia kichwa, nikalala nimeelekea ukutani siku zote alizokaa. Aliondoka kimya, na Cheche kimya unamjua wewe, si kawaida yake. Akinikuta tena hivi atadhani nimemchoka. Wifi, nampenda yule mtu. Sitaki kumpoteza kwa jambo ambalo hata kulitaja siwezi. Nisaidie, na uniapie hutamwambia.

Wako,
Povu


Tarehe 11 Machi

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako ndani ya stoo ya unga, nimejifungia kama mwizi. Nimekuapia. Huyo mumeo nimemfuta kamasi tangu hajui kutembea, na bado kuna mambo yangu mengi hayajui. Hata hili hatalijua.

Sikiliza. Mimi nimepikia watu maisha yangu yote, na naamini ugonjwa ambao dawa yake haipatikani jikoni bado haujazaliwa. Chukua siki, changanya na maji ya uvuguvugu na chumvi ya mawe, ukae ndani ya beseni asubuhi na jioni. Ukiona mgeni anabisha, ongeza siki. Kitunguu saumu kinywe na chai. Mgeni gani atakaa kwenye nyumba inayonuka hivyo?

Usiende hospitali kuonesha watu mwili wako. Watakuuliza maswali ya ajabu ajabu, halafu karani wa mlangoni atakuangalia ukitoka.

Huyu Cheche hajambo. Yuko juu ya vyuma anachomelea kutwa, akishuka anaulizia chakula, akishiba anaulizia barua zako. Mwandikie.

Wifi Mkubwa


Tarehe 19 Machi

Mume wangu Cheche,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimeona nikuambie mapema usije likizo mwezi ujao. Chumba kinapakwa rangi na harufu yake ni kali, utaumwa kifua. Njoo ile likizo ya baadaye. Jitunze huko juu.

Mkeo


Tarehe 20 Machi

Wifi,

Siki imeniona na mimi nimeiona! Siku ya kwanza nilijikaza, nikasema dawa ya kweli lazima iume. Siku ya pili nikaongeza kama ulivyosema. Wifi, nilitoka kwenye beseni nikaruka hadi kwenye korido, jirani akauliza kama kuna nyoka. Sasa ngozi imechubuka, kukaa siwezi, kutembea natembea kama bata. Kazini wananiuliza nimeanguka wapi.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Mama mmoja tunayekunja naye mashuka kaniona nahangaika, akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba ugonjwa unaorudi rudi una anayeurudisha. Kwamba mwanamke hapati haya peke yake, anapelekewa na mume. Tangu hapo silali vizuri. Mume wangu yuko huko miezi, mimi niko huku. Wifi, wewe uko naye. Nijibu kama mwanamke na usinijibu kama dada yake. Kuna mtu huko?

Nimemwandikia asije. Nimemdanganya chumba kinapakwa rangi. Moyo unaniuma kuliko mwili.

Povu


Tarehe 29 Machi

Mke wangu,

Nimeambiwa una mgeni.

Sikuambiwa na adui. Kaniambia dada yangu wa tumbo moja, akiwa anakaanga samaki na akili yake iko kwenye mafuta. Nilimuuliza tu, nyumbani hawajambo? Akanijibu, "Hawajambo, ila yule mgeni bado kagoma kuondoka, maskini wifi yangu hata kukaa hawezi." Nikamuuliza mgeni gani. Mwiko ukamdondoka. Tangu hapo ananikwepa, ananijazia sahani nyama kama mtu anayelipa fidia.

Sasa naunganisha. Likizo iliyopita ulinigeuzia mgongo. Likizo hii chumba kinapakwa rangi. Rangi gani hiyo inayochukua mwezi mzima? Tuna vyumba viwili, hatuna ikulu.

Juzi nilikuwa juu, mkono ukaanza kutetemeka, moto ukaenda pasipotakiwa. Msimamizi kanishusha, nakata nondo chini na vibarua. Sina kinyongo na nondo. Ila sitaki kufa kwa ajili ya mwanaume nisiyemjua hata jina. Kwa hiyo nitajie jina lake. Hilo tu.

Mimi nakuja tarehe ishirini kama ilivyopangwa. Nitagonga mlango wangu mwenyewe. Kama yupo, na awepo tuonane.

Cheche


Tarehe 29 Machi

Wifi, wifi, wifi,

Barua hii inapanda lori moja na ya mumeo, nakuomba uisome hii kwanza. Ulimi umeteleza! Nilikula kiapo kwa sauti na nikakivunja kwa samaki watatu. Nimejaribu kurekebisha, nikamwambia mgeni ni paka. Akasema paka gani anamzuia mtu kukaa. Nikaona nikiendelea nitaharibu zaidi, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kumemmaliza kabisa.

Na swali lako nakujibu kama mwanamke. Hapa kambini mwanamke ni mimi peke yangu, na mimi ni dada yake. Jioni mumeo anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anasoma barua zako zile za zamani. Hakuna mtu, wifi. Hakuna.

Sema naye. Mimi nimeshindwa kukutetea bila kukusema.

Wifi Mkubwa


Tarehe 7 Aprili

Mume wangu,

Umeuliza jina la mgeni. Jina lake ni fangasi.

Haya, kaa chini. Kaa kwenye hiyo ndoo yako. Nina fangasi ukeni, Cheche, nimekuwa nao mwaka mzima, wanakwenda na kurudi. Ndiyo sababu ya kichwa, ndiyo sababu ya ukuta, ndiyo sababu ya rangi. Niliona aibu kukuambia, na mimi na dada yako tukawapa jina la kujificha, na jina lenyewe likakuletea mwanaume chumbani kwangu. Barua yako nimeisoma nikalia, halafu nikafika pale pa ikulu nikacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini na mimi nina langu la kukuambia. Nilidhani ni wewe uliyeniletea. Niliambiwa hivyo kazini nikaamini. Kwa hiyo wakati wewe huko unamtafuta mwanaume, mimi huku nilikuwa namtafuta mwanamke. Tumechekesha shetani.

Barua zenu ziliponifika nilipiga moyo konde, nikaenda hospitali. Daktari ni mama mmoja mnene ana miwani mikubwa. Alinichukua vipimo, akanipima na sukari na yale ya zinaa. Sukari haina neno, zinaa hakuna. Nikamuuliza wazi, daktari, haya si mume ndiye kaniletea? Akasema fangasi hawa wanaishi mwilini mwa wanawake wengi kimya kimya, shida ni pale wanapopata nafasi ya kuzaliana kupita kiasi. Mume hahusiki, wala hahitaji dawa kama haumwi. Nilishusha pumzi, Cheche, mpaka karatasi zake zikapeperuka mezani.

Kisha akaniuliza najisafishaje. Nikamweleza kwa kujivunia, mara ngapi, sabuni gani, dawa gani ya kuua vijidudu, na siki ya dada yako juu yake. Alivua miwani. Akaniuliza, "Mama, wewe unajiosha au unajifua?"



"Hapo ndani hapafuliwi," akasema. "Hapo pana ulinzi wake mwenyewe, na wewe kila siku unaufukuza. Nje, maji matupu. Ndani, usiguse kabisa. Hili si shuka." Fikiria, mimi Povu mzima, fundi wa madoa, nimekuwa nikijiharibu kwa ufundi wangu mwenyewe.

Akaniuliza na dawa nilitumia vipi. Nikasema nilikuwa naitumia mpaka napata nafuu. Akasema ndiyo hapo sasa, kupata nafuu ni jambo moja na kupona ni jingine, nimekuwa nikiwakata vichwa na kuwaachia mizizi. Kanipa dozi ya kumaliza yote bila kuruka. Baada ya hapo nitakunywa kidonge kimoja kila Ijumaa kwa miezi sita, na nirudi kwake katikati anione. Nikiwa na mimba au nikidhani ninayo nimwambie kwanza. Chupi ziwe za pamba. Nguo iliyolowa nisikae nayo.

Nimeanza. Leo nimekaa kwenye kiti, Cheche. Nimekaa kama binadamu, nikanywa chai hadi ikaisha.

Njoo tarehe ishirini. Lile jambo tutalisubiri kidogo mpaka nipone vizuri, lakini wewe njoo. Chumba hakijapakwa rangi yoyote, ni kilekile.

Mkeo, Povu


Tarehe 13 Aprili

Mke wangu,

Nilikaa kwenye ndoo kama ulivyosema, nikasoma, na nikabaki hapo mpaka wenzangu wakaja kuuliza nani kafariki. Nikawaambia kafa mjinga mmoja mliyekuwa mnamfahamu.

Nisamehe. Mwaka mzima unaumwa, na mimi nikawa nahesabu migongo. Ungeniambia ningefanya nini? Sijui. Pengine hata mimi ningekupeleka kwenye siki. Lakini ningejua.

Dada nimemwambia siki yake airudishe jikoni. Kanisikiliza hadi mwisho, hakunirushia hata mwiko. Sijui kapatwa na nini.

Nakuja. Tukilala mzungu wa nne, tutalala mzungu wa nne, mradi nikiamka nione hata miguu yako. Na hiyo Ijumaa ya kidonge niachie mimi kuikumbuka, maana wewe nafuu inakudanganya.

Msimamizi kanirudisha juu ya vyuma. Mkono umetulia.

Mumeo, Cheche


Tarehe 17 Oktoba

Wifi yangu mkubwa,

Kaa jikoni. Usijifiche. Hii isome hata kwa sauti.

Nimepona!

Nimetoka kwa daktari leo. Kidonge cha mwisho nilimeza Ijumaa iliyopita, leo kanipima, hakuna kitu. Nikamuuliza ni nafuu au nimepona, akacheka, akasema, "Umepona, mama. Wakirudi hata siku moja unajua mlango wangu, lakini leo nenda zako." Nimetembea kutoka hospitali hadi nyumbani kwa miguu, kwa sababu tu naweza kutembea.

Haikunyooka yote. Mwezi wa sita niliamka nawashwa tena. Wifi, nililia kwa uchungu, mkono ukaenda wenyewe kwenye sabuni. Nikauzuia. Nikarudi kwa daktari badala ya kurudi kwenye beseni, akapima, fangasi hawapo. Kumbe nilikuwa nimefua chupi zangu kwa ile dawa ya kulainisha nguo ya hotelini yenye harufu ya maua. Ngozi tu ndiyo iliyokasirika. Nikaacha, ikapoa. Miaka yote nanusisha watu mashuka, sasa zangu hazinuki chochote na ndiyo fahari yangu.

Kisha nikavamia magauni ya nailoni. Nilikwenda kwa meneja na karatasi ya maombi, nikamwambia tunataka ya pamba, tena mawili kila mtu, ili lililolowa mtu alibadilishe mchana. Akaniuliza sababu. Wenzangu walikuwa nyuma yangu wameinamisha vichwa. Nilitaka kusema joto, Wifi, neno joto lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Tunapata fangasi ukeni." Meneja aliangalia dari, akaangalia kalamu yake, akasaini. Nadhani angesaini chochote ili nitoke.

Tulipofika chumba cha kukunja, tukashika mashuka kama kawaida. Halafu yule mama aliyeniambia mambo ya waume akasema, "Hata mimi." Wa kwenye pasi akasema, "Na mimi, tangu nizae." Kumbe tulikuwa tumesimama meza moja, kila mtu anajikuna kwa siri yake! Tulicheka mpaka mashuka yakatuangukia. Watatu nimewapeleka mwenyewe kwa daktari.

Na ndugu yako alikuja likizo mwezi uliopita. Hatukulala mzungu wa nne. Mengine sitaandika, wewe ni dada yake.

Wako mwenye furaha,
Povu


Tarehe 5 Desemba

Wifi yangu,

Ile barua yako sikuweza kuisoma kwa sauti. Nilifika pale wenzako waliposema hata mimi, hata mimi, nikaona herufi zinaogelea. Nikazima jiko, nikaiacha supu ya watu ikapoa, jambo ambalo halijawahi kutokea kambini hapa.

Hata mimi, wifi.

Tangu kabla marehemu mume wangu hajafariki, na bado. Sikumwambia yeye, sikumwambia mama yangu, sikumwambia mtu. Nilijitibu kwa vilivyomo jikoni, na vilivyoniunguza nikasema lazima viume. Nilipokukataza hospitali nilikuwa najikataza mwenyewe.

Siku ya mapumziko nilipanda lori la saruji, nikashuka mjini, nikaingia hospitali. Karani wa mlangoni hakuniangalia hata kidogo, alikuwa anakula njugu. Daktari kijana, wa kiume. Nilidhani nitakufa. Akaniuliza, mama, tatizo ni nini? Nikafumba macho nikalisema lote, kwa jina lake. Nilipofumbua alikuwa anaandika tu, kama nimemwambia naumwa jino.

Kwangu kuna zaidi ya kwako. Kanikuta na sukari, iko juu, na ndiyo inayowalisha hao fangasi. Kanipa dawa ya vyote viwili, na sukari tangu siku ile naipakulia wengine tu. Wiki ya nne hii. Juzi nimelala usiku kucha, nikaamka na jua limeshaingia dirishani, mafundi wamejipanga na sahani tupu wakidhani nimekufa. Nikawaambia kaeni chini, nimelala tu, mimi si mtu?

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Hapa kambini kuna mtunza stoo, mjane kama mimi, mtu mpole, hesabu zake safi. Ameniomba nimuoe. Naam, hivyo hivyo alivyosema, "Nioe wewe, mimi sijui kuoa tena." Aliniomba mwaka juzi, akaniomba mwaka jana. Mara zote nilimwambia, baba, tafuta mwingine, mimi nimezeeka. Alisikitika, akaendelea kuniletea unga mzuri.

Jana nilimwita jikoni, nikamwambia hata asivue kofia, nimekubali. Akauliza nini kimebadilika, si nilisema nimezeeka?

Sikuwa nimezeeka, wifi. Nilikuwa nawashwa.

Na nilimwambia hivyo hivyo.

Wifi Mkubwa